Mwanafunzi Zakaria wa Babati

Elisante, mwanangu uliye Mbeya,

Ninaandika nikiwa mezani sebuleni, pale pale ulipokuwa ukifanyia kazi zako za shule. Mlima umejifunika tangu asubuhi. Sentensi hizi chache zimenichukua muda wa kikombe kizima cha chai, maana vidole vya mkono wa kulia havinitii tena, kila mara vinagonga herufi mbili kwa pamoja. Utanivumilia. Umeshanivumilia sana, na hilo ni mojawapo ya mambo ninayotaka kukueleza.

Dada yako Neema anakuja Jumatatu kunipeleka hospitali mjini. Daktari alisema moyo wangu umechoka, akalitumia neno hilo hilo, umechoka, kama anayezungumzia ng'ombe wa plau. Neema anasema nitalazwa siku chache tu, kisha nitarudi Maji ya Chai kuangalia migomba yangu. Nimefundisha miaka mingi, namjua mtu anayesema asichokiamini. Kwa hiyo nina siku nne za kuandika barua hii. Naiandika kwa kompyuta, kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri ulilotufundisha, na nikimaliza nitaiweka mbele ya darasa lako lote.

Nianze na jina. Yule mwanafunzi wako Zakaria, kijana wa Babati, fundi baiskeli, aliyekuomba urudie somo la ruhusa za mafaili mara tatu, ni mimi.

Tangu mama yako azikwe, nyumba hii imekuwa kubwa. Ulikuja msibani ukakaa siku mbili, ukalala kwa jirani, ukanipa mkono, ukaondoka. Sikulaumu, baada ya dharau niliyoionyesha kazi yako. Baada ya hapo wageni walipungua, kisha wakaisha. Watu bado wananiheshimu. Wanaopita barabarani wakiniona uani wanapaza sauti, "Shikamoo Mwalimu!", lakini wana haraka zao, na sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Ninapojibu, mtu ameshafika kwenye kona. Marahaba zangu nyingi zinabaki hapa uani na kuku.

Siku moja nilifungua sanduku la mama yako nitafute shuka, na chini ya vitenge nikakuta kompyuta. Ile nyeusi, yenye ufa pembeni. Nilikaa kitandani nikaiweka magotini kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake. Nenosiri alikuwa ameliandika kwa kalamu ya risasi ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo: jina lako na mwaka uliozaliwa. Mama yako hakuwa mtu wa siri, isipokuwa hiyo moja. Nilipoiwasha ilinikaribisha kwa Kiswahili. Wewe ndiye uliyeipanga hivyo. Nilikuwa sijui kwamba alikuwa mwanafunzi wako wa kwanza, na kwamba mlikuwa mkisomea chumbani mwetu nikiwa kwenye vikao vya kanisa.

Wiki hiyo hiyo Neema akanitumia video kwenye simu. "Baba, sikiliza, ni Eli." Niliiweka simu sikioni kama redio, nikasahau kuitazama. Ukasema: "Karibuni. Hapa hakuna ada, na hakuna swali la kijinga. Kama hujawahi kugusa kompyuta maishani, wewe ndiye niliyekuandalia somo hili."

Nilikuwa sijasikia sauti yako ikisema maneno mengi hivyo kwa miaka sita. Na hayo maneno, hakuna swali la kijinga, nilijua yametoka wapi. Ulikuwa darasa la nne, darasa langu. Ukauliza kwa nini sifuri haigawi. Nikakwambia usimame hadi kengele, kwa sababu nilidhani unanitania mbele ya watoto wa wenzangu. Ukweli ni kwamba jibu sikuwa nalo.

Nilijaza fomu ya kujiunga na darasa lako la mtandaoni. Nilipofika kwenye jina, mkono ulisimama. Niliogopa kwamba ukiona jina langu utanifuta. Niliogopa zaidi kwamba hutanifuta, utanipokea kwa adabu ile uliyonipa nayo mkono makaburini. Nikaandika Zakaria. Umri, ishirini na mitatu. Mahali, Babati, kwa kuwa nilifundisha huko zamani na nikiulizwa mitaa ningeweza kujibu.

Jumamosi ya kwanza mchana, wanafunzi wakaingia kwenye kundi la simu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiandika: Shikamoo mwalimu. Kijana wa kata ya Sokon I, akina mama wa Tabora, yule mtawa. Wewe unawajibu kwa majina. Zamu yangu ikafika. Nilikaa nikiyaangalia maneno hayo. Unajua mila zetu. Katika ukoo wetu hakuna baba aliyewahi kumwamkia mwanawe, na babu yako angesema ni kujitafutia laana. Lakini Zakaria ana miaka ishirini na mitatu, na kijana asiyemwamkia mwalimu wake anaonekana mara moja. Nikaandika. Shikamoo mwalimu.

Ukajibu: "Marahaba Zakaria. Karibu sana, jisikie uko nyumbani."

Nilizima simu nikatoka nje kuangalia kahawa, ambayo haikuhitaji kuangaliwa.

Jumamosi thelathini na moja, Eli. Zote nilikuamkia. Ya kwanza iliniuma, ya tatu ilikuwa mazoea, na mwisho nilianza kuingoja kuanzia Alhamisi. Ilikuwa salamu pekee katika wiki yangu yote ambayo mtu alisimama akaimaliza.

Na nilijifunza. Usidhani nilikuja kusikia sauti tu, ingawa ndivyo nilivyoanza. Nilielewa kwa nini Linux, mfumo huu unaoendesha kompyuta zako, ni wa bure, kwamba waliouandika waliacha mlango wazi ili yeyote aingie aone ulivyojengwa, arekebishe, ampe mwingine. Ulisema, "Hiki si kitu cha maskini waliokosa cha kununua. Ni kitu ambacho hakijafichwa." Nikakumbuka nilivyokuwa nikikiita mbele ya wageni: takataka za Wazungu.

Somo la pili ulitufundisha amri ya herufi tatu, pwd. Ukasema, "Ukipotea ndani ya mashine, usiogope. Iulize, niko wapi?" Nikaiandika. Mashine ikajibu: /home/mama. Neno la kwanza hata mimi ninalijua, ni nyumbani. Niliiuliza tena, na tena. Jibu lilikuwa lile lile.

Kisha likaja somo la kufuta. Ulituonya vizuri. "Kwenye dirisha jeusi hakuna kapu la taka. Ukifuta, umefuta. Hakuna pa kwenda kuokota." Mimi nikajifanya mjuaji. Nilitaka kufuta faili la mazoezi, nikaacha nafasi mahali pasipotakiwa, nikabonyeza. Folda ya mama yako iliyoitwa kwaya ikaondoka. Humo kulikuwa na mazoezi ya kwaya ya akina mama aliyoyarekodi hapa sebuleni. Nilikuwa sijayasikiliza hata moja. Nilikuwa nikiyaweka, kama mtu anavyoweka mbegu.

Nikapiga picha ya skrini kwa simu, nikakutumia pembeni, nje ya kundi: "Mwalimu, nimeharibu. Vinaweza kurudi?"

Alama zikaonyesha umeifungua picha. Kisha ukaandika: "Zakaria, ndani yake kulikuwa na nini?"

Nikajibu: "Sauti ya marehemu."

"Basi tusiharakishe. Zima mashine sasa hivi. Usiandike kitu kingine chochote juu yake."

Kesho yake, baada ya ibada, ulikaa nami kwa ujumbe mchana wote. Ukanielekeza kuandaa flashi kwa kutumia simu, kuiwasha mashine kutokea kwenye hiyo flashi, kuipa kazi ya kutafuta vilivyofutwa. Nilikosea kila hatua. Hukuniambia hata mara moja kwamba nimekosea. Ulisema, "Hapo turudi nyuma kidogo." Nani alikufundisha kufundisha hivyo? Si mimi.

Sauti kumi na mbili zikarudi, bila majina, namba tupu. Ukaniomba: "Nitumie moja nihakikishe haijaharibika." Bando lilikuwa linakaribia kuisha, nikachagua fupi kuliko zote, nikatuma bila kuisikiliza. Baada ya dakika kama ishirini ukajibu: "Inasikika vizuri. Asante."

Nikashangaa. Mwalimu anamshukuru mwanafunzi kwa lipi? Nikaifungua ile sauti nami nisikilize. Akina mama wanaanza wimbo, mama yako anawakatisha: "Hapana, hapana, sauti ya pili mnalala! Tena." Kisha anapaza sauti kuelekea uani: "Baba Eli! Funga huo mlango, kuku wanaingia kwenye kwaya!" Wote wanacheka, na ndiyo mwisho.

Nikaiangalia tena ile picha niliyokutumia siku nilipoifuta folda. Mwanzoni mwa kila mstari, kabla ya amri yoyote, mashine imeandika jina la mtumiaji na jina lake yenyewe: mama@majiyachai. Mstari baada ya mstari, skrini nzima. Wewe ndiye uliyeipa jina hilo. Zakaria wa Babati alikuwa amekutumia anuani ya nyumbani kwenu.

Jumamosi iliyofuata niliingia darasani. Nikaandika kama kawaida, Shikamoo mwalimu. Ukawajibu wote. Mimi ukaniruka. Nikasema, basi, yamekwisha. Kisha simu ikalia, ujumbe wa pembeni, neno moja.

"Shikamoo."

Leo ni siku ya kumi na tisa. Sijakujibu. Najua umeona kwamba nimesoma. Najua unavyofikiri, kwamba mzee ana kiburi, hata sasa. Si kiburi, Eli. Nikisema marahaba nimekubali kuwa ni baba yako anayejibu, na kuna jambo baba yako alilifanya ambalo wewe hulijui. Nisingeweza kuipokea heshima hiyo ukiwa umempa mtu usiyemjua. Sasa nakwambia.

Kompyuta zako hazikuibwa.

Unakumbuka banda la ndama ulilolisafisha, ukalipaka chokaa, wewe na rafiki yako Lomayani. Mashine mlizokuwa mkiomba maofisini, na zile mlizopewa na yule mzee wa Kihindu mwenye duka la vitambaa mjini. Mlikuwa mkizifungua, mnachukua kiungo cha hii mnaweka kwenye ile, mnaweka mfumo wenu wa bure, mnaziandaa kwa ajili ya ile shule ya kata. Nilikuwa nikiwasikia mkicheka humo. Lomayani akipiga mluzi, wewe ukimwambia, "Wewe Mwarusha, acha kuita ng'ombe, shika bisibisi!" naye akijibu, "Na wewe Mmeru acha kulilia ndizi, leta taa!"

Ilikuwa furaha, na mimi niliiona aibu. Mzee wa kanisa mwenzangu aliniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, kijana wako mwenye shahada bado anaokota vyuma?" Nikacheka nao. Siku ile mlipokwenda mjini, na mama yako yuko kwenye kikao cha akina mama, nilimwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilifungua kufuli kwa ufunguo wa akiba uliokuwa kabatini kwangu. Nikamwambia, "Chukua vyote." Alipakia kwenye gari lake, skrini zikigongana. Nikafunga kufuli tena. Nililifunga kwa mazoea tu, kama ninavyofunga mlango wowote. Sikukusudia lolote kwa kufunga kule. Lakini kufuli zima lilisema kwamba aliyeingia alikuwa na ufunguo, na wewe ulijua watu wawili tu wenye ufunguo: wewe na Lomayani.

Nilidhani utaniuliza. Nilikuwa na hotuba tayari, kuhusu kazi na heshima na jina la ukoo. Hukuniuliza. Haikukupitia akilini kwamba baba yako angeweza. Ulikwenda moja kwa moja kwa rafiki yako.

Tulipoitwa kwa balozi wa nyumba kumi, watu wamejaa uani, balozi akanigeukia mimi kama mtu mzima wa kuaminika: "Mwalimu, kuna mwingine mwenye ufunguo?" Nikasema, "Simfahamu mwingine." Maneno mawili. Lomayani alinitazama. Aliokota fimbo yake akaondoka, na watu wakasema, ameona aibu.

Mwezi haukuisha ukahamia Mbeya. Ulisema huwezi kuishi mahali ambapo hujui umwamini nani. Na mimi nilikusindikiza hadi stendi nikiwa nimebeba begi lako.

Mama yako alijua. Hakuniuliza, na sijui alijuaje. Alikuwa ameniita Baba Eli tangu siku uliyozaliwa, ingawa Neema ndiye mkubwa, na watu walikuwa wakimtania kwa hilo. Tangu wiki ile akaanza kuniita Mwalimu, kama wapita njia. "Mwalimu, chakula." "Mwalimu, dawa zako." Hadi siku anakata roho, Mwalimu. Ndiyo maana ile sauti fupi niliisikiliza mara moja tu, na sijathubutu tena.

Baada ya salamu yako nilikwenda mtaa wa Kwa Mrombo. Lomayani ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko. Nilipofika aliinuka, akafuta kiti kwa kitambaa. "Shikamoo mzee wangu. Umekuja mwenyewe? Na hali hii?" Akaiona kompyuta mkononi mwangu, akaipokea, akaigeuza, akaona ule ufa. "Hii ni ya Eli," akasema. "Hii tuliifunga na Eli." Kisha akacheka kidogo. "Mzee, wewe na Linux? Si ulisema ni mchezo wa watoto?"

Nikamwambia. Yote, nikiwa nimekaa kwenye kiti chake. Alikuwa na bisibisi mkononi na hakuiweka chini. Nilipomaliza, alisubiri mteja mmoja aondoke, kisha akasema, "Mzee, mama yangu alikufa akijua mimi ni mwizi."

Nikavua kofia.

"Mimi umeniambia hapa, tuko wawili," akasema. "Kule kwa balozi tulikuwa wangapi?"

Akanifungia kompyuta kwenye mfuko vizuri, akaiweka magotini mwangu kwa mikono miwili. Nilipoondoka hakunisindikiza. Mzee wa miaka themanini na mmoja, mwenye fimbo, akatoka peke yake hadi barabarani. Wauza nyanya walishangaa. Mimi sikushangaa.

Hii ndiyo sababu barua hii iko mbele ya darasa lako lote, na ndiyo sababu Neema ataichapisha apeleke nakala kwa balozi, na nyingine kanisani kwa wale niliocheka nao. Lomayani hakuiba kitu. Ninayeandika ndiye niliyetoa mashine zile, na ndiye niliyesema uongo. Nawaomba radhi wanafunzi wenzangu kwa kuwadanganya, hasa yule mtawa aliyekuwa akimwombea Zakaria apate mtaji wa baiskeli.

Sikuombi urudi, Eli. Jumatatu iko karibu na Mbeya ni mbali. Ukipata nguvu, anza na Lomayani, kabla yangu. Kibanda chake kina rangi ya kijani, ukiuliza soko lote wanamjua. Kompyuta nitamwachia Neema akuletee. Zile sauti kumi na moja zilizobaki bado hazina majina. Nimeziacha hivyo, kwa sababu wewe unawajua wanakwaya kwa sauti zao, na mimi sikuwahi kukaa kuwasikiliza.

Nimemaliza. Nimehifadhi faili kama ulivyotufundisha, na ile amri ya ruhusa niliyokusumbua nayo mara tatu nimeiandika bila kutazama daftari. Mashine inaonyesha kwamba mwenye faili anaweza kusoma, kundi linaweza kusoma, na mtu mwingine yeyote anaweza kusoma. Nimekagua mara mbili.

Sasa umemjua aliyekuwa akikuamkia, na ninaweza kukujibu.

Marahaba, mwanangu.

Baba Eli